Hesabu za duka langu, hati kwa jina la mtu mwingine

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niwaambie wafanyabiashara wenzangu jambo nililolijua baada ya kuumia. Siku hizi kila anayezungumza na sisi wenye maduka madogo anatuhimiza tuzitoe hesabu zetu kwenye kompyuta ya dukani tuzipeleke mtandaoni. Mimi nimehama, wala sirudi nilikotoka. Lakini katika wote walionishauri hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali ambalo lingeniepusha na siku nne za Ramadhani nisizozisahau.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Langoni, hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Nauza saruji, mabati, misumari, rangi, mabomba, na kwa kuwa sisi ni watu wa bahari, kamba za mashua na pamba ya kalafati. Duka lilianzishwa na marehemu baba. Yeye aliandika hesabu zake kwenye daftari refu kwa khati ya Kiarabu, na deni la mtu likilipwa alilipiga mstari mmoja ulionyooka kama upindo wa kikoi. Mimi mwaka 2011 nikanunua kompyuta na programu ya hesabu iliyokuja kwenye sidii. Nilidumu nayo miaka 12. Jina lake silitaji, wala la hii mpya, maana sikuja kumtangazia mtu biashara.

Kilichonisukuma kuhama ni wateja. Wanunuzi wangu wakubwa ni wenye nyumba za wageni za Shela. Mwishoni mwa 2023 wakaanza kunijia mmoja mmoja: "Sheikh, kuanzia Januari nipe ankara ya eTIMS, la sivyo nitaagiza Malindi." Walikuwa na haki yao. eTIMS ni mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na Sheria ya Fedha ya 2023 ilisema kuanzia Januari 1, 2024, gharama isiyokuwa na ankara ya kielektroniki haitaondolewa kwenye mapato wakati wa kupiga hesabu ya kodi. Mtu akinunua saruji ya laki mbili kwangu bila karatasi hiyo, mbele ya KRA ni kama hakununua kitu.

Kijana aliyenihamishia hesabu, mtu wa Mombasa, aliniambia KRA imemwamuru kila mfanyabiashara awe na programu ya mtandaoni. Si kweli, na nalisema waziwazi kwa sababu najua maneno hayo bado yanatembea sokoni. eTIMS ina milango kadhaa. Mwenye kibanda asiyesajiliwa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, anaweza kutoa ankara hata kwa simu ya vitufe, anapiga *222# na kufuata maagizo. Mimi nimesajiliwa VAT, kwa sababu mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka sheria inakutaka ujisajili, na taabu yangu ilikuwa nyingine: niliandika kila ankara mara mbili, mara moja kwenye programu yangu na mara moja kwenye mfumo wa KRA. Hii mpya imeunganishwa na eTIMS, ukiandika huku imefika kule. Hiyo peke yake ilitosha kunishawishi, pasiwe na haja ya kunitisha.

Na kusema kweli kompyuta yenyewe ilikuwa inakata roho. Mtu wa bara hajui chumvi inachofanya ndani ya kompyuta iliyokaa hatua chache na maji. Fundi alipoifungua mara ya mwisho alinionyesha vyuma vimeota kutu ya kijani kama birika la shaba. Nakala ya hesabu niliweka kwenye fleshi, na fleshi kwenye kasha la marehemu mama, kila Ijumaa baada ya swala. Ijumaa nyingine nilisahau. Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima, fleshi ilikuwa na nakala ya wiki tano nyuma. Usiku ule nililala nikihesabu wadeni kwa kichwa, nikipoteza hesabu na kuanza upya. Umeme uliporudi faili likafunguka, Alhamdulillahi, lakini nilikuwa nimeshaamua.

Desemba yote tulisafisha majina. Kazi hii hakuna anayekuambia, nayo ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko kuhama kwenyewe. Programu ya zamani ilikuwa na wateja 412. Nilikaa na binti ya dada yangu, aliyesomea biashara Mombasa na ndiye anayeandika hesabu zangu sasa, usiku baada ya isha, yeye akisoma mimi nikijibu.

"Mjomba, 'Fundi Matondoni' na 'Fundi Mkono' ni watu wawili?"

"Ni mmoja."

"Na 'Fundi wa Mashua'?"

"Ni huyo huyo, kabla hajaumia mkono."

Akanyamaza akaandika. Majina matatu, madeni matatu, mtu mmoja, na mtu mwenyewe kila akija kulipa tulikuwa tunamkatia deni lolote lililo karibu. Tulipoyakusanya tukaona tumemlipisha zaidi ya haki yake kwa shilingi 1,150. Nilimpelekea mwenyewe Matondoni. Alicheka, akasema alikuwa akijua, ila aliona haya kunidai.

Kulikuwa na marehemu pia, mzee wa Mkomani aliyekufa na deni la shilingi 3,400 za rangi. Nikamwambia binti amfute, tumesamehe. Akasema, "Mjomba, mtu mwenye deni hafutiki. Kwanza uandike kwamba umesamehe, deni liwe sufuri, ndipo jina lifungwe." Ikabidi ziandikwe kuwa deni lisilolipika, 3,400, tarehe, sababu. Nilifurahi, sijui kwa nini. Labda kwa sababu baba angepiga mstari mmoja tu, lakini naye pia angeandika. Tulimaliza na wateja 187.

Desemba 31, Jumapili, tulifunga duka tukahesabu mali kwa mikono, mfuko kwa mfuko. Na hapa wenzangu wenye bidhaa ghalani naomba mnisikilize vizuri, maana nilikaribia kumwita kijana wa watu mwizi bure.

Mfuko wa saruji wa Amu si mfuko wa saruji wa Mombasa. Unapanda lori hadi Mokowe, unashuka gatini, unapanda mashua, unavuka, unashuka tena, anaubeba hamali, kisha punda, mpaka mlangoni kwangu. Gharama zote hizo ziko ndani ya bei ya ununuzi, punda na yeye yumo. Sasa Novemba 2023 mafuriko yalipokata barabara ya Garsen hadi Lamu, lori langu lilikwama, na shehena iliyofuata ikaniingia kwa bei ya juu. Nichukue mfano mwepesi: mifuko 200 ya kwanza imefika kwa shilingi 850 kila mmoja, mifuko 200 ya pili kwa 930. Umeuza 200. Je, iliyobaki ina thamani gani?

Programu yangu ya zamani ilichukua wastani. Jumla ya mifuko yote ugawe kwa 400, unapata 890, kwa hiyo 200 iliyobaki ni shilingi 178,000. Mpya haijui wastani. Yenyewe inahesabu kwamba kilichoingia kwanza ndicho kilichotoka kwanza, kwa hiyo iliyobaki yote ni ile ya 930, yaani 186,000. Saruji haikuongezeka hata kijiko, lakini mali ya duka imepanda kwa 8,000, na faida imepanda nayo. Mimi nilipoona mizania, yaani jumla ya mali na madeni ya duka, ya huku na ya kule hazilingani, nikapandisha sauti kwenye simu. Kijana naye hakujua sababu, akaniambia mfumo umekosea, akaanza "kurekebisha" kwa kuchomeka tarakimu huku na huku hadi jumla zikafanana. Binti ndiye aliyegundua, wiki mbili baadaye, na ikabidi marekebisho yake yote yaondolewe moja baada ya lingine. Njia zote mbili zinakubaliwa na kanuni za kimataifa za uhasibu. Ila ukibadilisha lazima ujue umebadilisha, uandike ni siku gani, na mtu wako wa kodi aambiwe.

Jambo jingine ni kwamba masalio yanahama, lakini si kila kitu kinaandamana nayo. Kwangu mimi, picha za risiti nilizokuwa nimeziambatanisha hazikuja. Orodha ya nani alibadilisha nini na lini haikuja. Alama za benki, zile za mwezi huu umelinganishwa na taarifa ya benki na umelingana, zikaja nusu. Na sheria ya taratibu za kodi inakutaka uhifadhi kumbukumbu zako kwa miaka mitano. Kwa hiyo ile kompyuta yenye kutu bado ninayo, imefunikwa leso nyuma ya mapipa ya rangi, na mara moja kwa mwezi tunaiwasha kuona kama ingali hai. Kabla ya kuhama tulichapisha urari, yaani orodha ya masalio ya hesabu zote, orodha ya wadeni na orodha ya mali ya Desemba 31, karatasi 46, nikazitia sahihi. Kama huna uwezo wa kufanya jingine lolote, fanya hilo.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Machi 16, 2024, Jumamosi, Ramadhani bado changa, binti alifungua kompyuta asubuhi amwandikie ankara mteja wa Shela ambaye mashua yake ilikuwa inangoja gatini. Ukatokea ukurasa wenye maneno mekundu: malipo ya mwezi hayajapokewa, mwenye akaunti aingie alipe. Akaniambia, "Mjomba, ingia ulipe." Nikaingia kwa imeli yangu. Nikaambiwa sina ruhusa hiyo. Akaingia kwa yake. Naye hana. Tukatazamana.

"Basi mwenye akaunti ni nani?"

Alikuwa yule kijana. Siku ya kwanza, ili mambo yaende mbio, alifungua akaunti kwa imeli yake na kuweka kadi yake ya benki, nami kila mwezi nikawa namtumia pesa kwa M-Pesa. Mimi ninayelipa kodi, ninayefunga mlango jioni, ninayejua Fundi Mkono ni nani, nilikuwa mgeni mwalikwa kwenye hesabu zangu mwenyewe. Sisi watu wa Amu hatuhitaji kuelezwa tofauti ya kukaa ndani ya nyumba na kuwa na hati yake. Tumezika wazee waliolima shamba moja tangu ujana wao, kisha hati ikatoka na jina la mtu asiyejulikana mtaani. Na bado mimi, mtoto wa hapa, nilihamia bila kuuliza hati iko kwa jina la nani.

Simu yake ikawa haipatikani. Jumamosi haipatikani, Jumapili haipatikani. Nikawaandikia wenye programu. Wakajibu kwa adabu kwamba hawawezi kumkabidhi mtu akaunti bila idhini ya mwenyewe, isipokuwa nilete vyeti vya usajili wa biashara wavichunguze. Sikuweza kuwalaumu. Mtu nisiyemjua akija kuniambia "lile duka pale ni langu, nipe funguo", mimi pia simpi.

Na tarehe 20 ndiyo mwisho wa kupeleka ritani, yaani taarifa ya kodi, ya VAT ya mwezi uliotangulia. Ankara za mauzo hazikunitia hofu, kwa sababu zilikuwa zimekwisha kuingia eTIMS, KRA wenyewe wanazo. Zilizotusumbua ni za manunuzi, na malipo yetu madogomadogo. Baada ya tarawehe tulitandika mkeka sebuleni tukamwaga risiti za Februari. Nyingine zilikuwa zimefifia kabisa, ile karatasi ya mashine ikikaa joto hugeuka nyeupe, na binti akawa anaziinamisha kwenye taa kusoma alama zilizobaki. Mke wangu alizipanga kwa tarehe kama anayepanga nguo za watoto. Tulipeleka ritani usiku wa kuamkia Machi 20, saa saba, sufuria ya daku ikiwa tayari jikoni.

Jumatano hiyo mchana kijana akapiga. Hakuwa mwizi. Kadi yake ilikuwa imefika tarehe ya mwisho, benki imempa mpya, akasahau kubadilisha nambari, na yeye mwenyewe alikuwa msibani kwao mahali ambapo simu haishiki. Akaniomba radhi mpaka nikaona haya mimi. Tukakaa kwenye simu, akabonyeza kwake, nikapokea imeli, nikabonyeza kwangu, akaunti ikawa yangu. Dakika nane. Ilikuwa inachukua dakika nane tangu Januari.

Angekuwa mwizi, barua hii ningeipeleka polisi. Nakuandikia wewe kwa sababu alikuwa mtu mwema, na mtu mwema pia huumwa, hufiwa, husafiri, hubadilisha kazi. Ninachowaomba wanaouza huduma hizi, na wanaokuja kutupa mafunzo ya siku moja huku Lamu na Malindi, ni kwamba kabla hujagusa faili la mtu, umfungulie kwanza imeli ya duka, akaunti isajiliwe kwa imeli hiyo, nywila aiandike kwa mkono wake, na ile nambari ya kuthibitisha iende kwenye simu yake. Wewe ndiye uwe mgeni mwalikwa. Ukimaliza kazi akutoe. Na asiwekwe mpwa badala ya mfanyabiashara mwenyewe. Binti yangu huyu amechumbiwa, na sitaki hesabu za duka zije kuhesabiwa kwenye mahari.

Kuhusu kulipa, wengi wetu hatuna kadi za benki za kulipia nje, ndiyo maana tunaangukia kadi za watu. Lakini M-Pesa ina kadi pepe ya Visa tangu 2022, inatosha kabisa. Jihadharini tu na malipo ya dola. Nilipoanza Januari 2024 dola moja ilikuwa imepita shilingi 160, kufikia katikati ya mwaka imeshuka hadi karibu 130, na huduma ni ile ile.

Mtandao kukatika si hoja kubwa kama nilivyodhani. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilipoharibika karibu na Afrika Kusini, ukurasa ulikuwa ukizunguka tu kama pia. Tulitoa daftari la chini ya meza, tukaandika kwa kalamu, mambo yalipotengemaa binti akaingiza yote. Daftari hilo liko pale pale mpaka leo. Manufaa nimeyaona: nikiwa Mombasa kununua mali naangalia kwenye simu saruji iliyobaki Langoni kabla sijalipa, jambo ambalo baba alilifanya kwa kumtuma mtu kwa jahazi.

Nywila ya akaunti nimeiandika kwenye karatasi, nimeitia bahasha, iko ndani ya kasha la marehemu mama pamoja na hati ya nyumba na daftari la baba. Funguo za kasha anazo mke wangu, ambaye kompyuta hataki hata kuisogelea.

Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi,
Langoni, Lamu
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)